Mwili Uliokonda Usiotaka Kutulia

Mwaka 1866 daktari mmoja wa London aitwaye Kelson Wright alimpeleka msichana wa miaka 17 kwa mwenzake mashuhuri, William Gull wa Hospitali ya Guy. Msichana huyo, ambaye vitabu vya tiba vinamjua kwa jina la Bi A tu, alikuwa amekonda hadi mifupa ikahesabika. Hedhi ilikuwa imemkatika karibu mwaka mzima. Moyo ulipiga mara 56 kwa dakika, pumzi zilikuwa 12. Gull alisikiliza mapafu, akapapasa tumbo, asione ugonjwa wowote wa kueleza hali ile. Mgonjwa mwenyewe hakulalamikia maumivu. Na hakutulia. Alipenda kutembea na kushughulika kutwa, na Gull akaandika kwa mshangao kwamba ilikuwa vigumu kuamini mwili uliodhoofika namna ile ungeweza kuhimili mazoezi ambayo mgonjwa alionekana kuyafurahia.

Maneno hayo yalichapishwa mwaka 1874, katika makala iliyoupa ugonjwa jina unalobeba hadi leo, anoreksia nevosa. Madaktari walilichukua jina, wakalichukua na shauri la Gull la kulisha mgonjwa kila baada ya saa 2. Miguu isiyotulia waliiacha pembeni. Ilipita zaidi ya miaka 100 kabla ya mtu yeyote kubuni tiba iliyolenga mazoezi yenyewe, ingawa kila aliyewahi kukaa karibu na wagonjwa hawa aliyaona. Wapo waliopanda na kushuka ngazi usiku wa manane, waliosimama badala ya kuketi, waliokimbia wakiwa na ufa kwenye mfupa wa mguu. Mtu wa namna hiyo hakimbii kwa sababu anapenda kukimbia. Anakimbia kwa sababu asipokimbia hofu na hatia vinamla, na chakula alichokula kinamwia deni.

Kabla sijaendelea, niseme jambo moja. Sitataja uzito wa mgonjwa yeyote wala umbali aliotembea. Namba hizo zimejaa kwenye maandiko ya zamani, na wanaougua huzisoma kama matokeo ya mashindano.

Mwili unaojinyima na kujitesa kwa mwendo haukuanza na Gull. Mtakatifu Katarina wa Siena, aliyefariki mwaka 1380 akiwa na miaka 33, alijinyima chakula mpaka wakuu wake wa kiroho wakamwamuru ale, na huku hajala aliendelea kuhudumia wagonjwa na kusafiri kwa shughuli za Kanisa. Siamini tunaweza kumpa mtu wa karne ya 14 cheti cha ugonjwa wa karne ya 19. Yeye aliuelewa mfungo wake kwa imani, na walioishi naye waliuelewa hivyo. Richard Morton, daktari wa London, yuko karibu nasi zaidi. Katika kitabu chake cha mwaka 1689 kuhusu magonjwa ya kukonda, alieleza habari za vijana wawili waliodhoofika bila homa wala kikohozi. Msichana alikataa dawa na akafa baada ya miezi michache. Mvulana, mtoto wa mchungaji, aliambiwa aache vitabu, aende mashambani, anywe maziwa na apande farasi, akapata nafuu kubwa. Kwa hiyo daktari wa kwanza kuandika juu ya ugonjwa huu aliagiza mwendo uwe sehemu ya dawa. Waliokuja baada yake waliupiga marufuku kwa karne nzima, na leo tunarudi alikokuwa Morton, ila kwa tahadhari nyingi.

Mshairi Byron naye ameacha ushahidi wa mkono wake mwenyewe. Mwaka 1807, akiwa na miaka 19, aliandika katika barua kwamba alikuwa akivaa vizibao 7 na koti juu yake, anakimbia na kucheza kriketi hadi jasho limchoshe, huku chakula amekipunguza kabisa. Namtaja kwa sababu wanaume husahaulika katika historia hii. Wataalamu walichelewa kuwaona mpaka miaka ya 1990, pale Harrison Pope na wenzake wa Marekani walipoeleza hali ya vijana wenye misuli minene wanaojiona wembamba, ambao hawathubutu kukosa siku moja ya kunyanyua vyuma.

Lakini hakuna aliyeuonyesha ulimwengu sura ya tatizo hili kama Elisabeth, Malkia wa Austria, ambaye Wazungu humwita Sisi. Alizaliwa mwaka 1837, akaolewa na Kaisari Franz Joseph akiwa na miaka 16, akaingia kwenye ikulu iliyompangia kila kitu isipokuwa mwili wake. Huo aliutawala mwenyewe. Aliweka vyuma na pete za kuning'inia katika makazi yake ya ikulu ya Hofburg, jambo lililowashtua watu wa Vienna. Alipanda farasi kwa hatari huko Uingereza na Ireland, akajifunza kupigana kwa upanga, na farasi walipomshinda kwa maumivu ya mwili aligeukia kutembea. Alitembea kwa kasi saa nyingi mfululizo, mvua inyeshe jua liwake, mabibi wa kumsindikiza wakibaki nyuma wamechoka. Msomaji wake wa Kigiriki, Constantin Christomanos, alieleza jinsi alivyomkuta akining'inia kwenye pete akiwa amevaa gauni jeusi la heshima, tayari kwenda kupokea wageni. Siku zake nyingi za chakula zilikuwa za maziwa, mayai na maji ya nyama. Madaktari walimshauri apumzike. Hakupumzika mpaka muuaji Luigi Lucheni alipomchoma kwa kitu chenye ncha kali mjini Geneva tarehe 10 Septemba 1898, na hata hapo, akiwa na jeraha moyoni, aliinuka akatembea hadi melini kabla ya kuanguka.

Mwaka 1873, huku Gull akisoma makala yake mbele ya madaktari wa London, Charles Lasègue wa Paris alikuwa amekwisha kuchapisha ya kwake. Lasègue aliona mambo mawili ambayo Mwingereza aliyagusa juujuu. Aliona kwamba kujinyima chakula hakukuwapunguzia wagonjwa hawa nguvu za kutembea, bali mwanzoni kama kuliwaongezea, nao wakaitumia hali hiyo kuwa ushahidi kwamba hawaumwi. Akaona pia kwamba jamaa nzima ilikuwa imezingira sahani ya mgonjwa, mara inabembeleza, mara inatisha.

Kuhusu jamaa, uamuzi wa wakubwa wa enzi ile ulikuwa mkali. Gull aliwaona ndugu na marafiki kuwa wauguzi wabaya kuliko wote. Jean-Martin Charcot, katika hospitali ya Salpêtrière, alisimulia habari za msichana aliyeletwa kutoka Angoulême akiwa taabani. Charcot aliwaamuru wazazi waondoke Paris, na mtoto alipojua wameondoka akaanza kula. Hadithi hiyo ilifundishwa kwa vizazi vya madaktari. Kwamba mtoto mgonjwa alipona kwa hofu na kilio, hilo halikuwasumbua.

Kuhusu mwendo, jibu lilitoka Philadelphia. Silas Weir Mitchell, aliyekuwa amewatibu askari wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, alichapisha mwaka 1877 kitabu kilichoeneza tiba ya mapumziko. Mgonjwa alilazwa wiki 6 hadi 8. Hakuruhusiwa kuketi, kushona, kuandika wala kusoma. Alilishwa maziwa kwa wingi, akakandwa na kupitishiwa umeme ili misuli isilegee kwa kukosa kazi. Wanawake wengi wenye uchovu wa neva walipitia mikononi mwake, mmoja wao mwandishi Charlotte Perkins Gilman, aliyetibiwa mwaka 1887 na miaka mitano baadaye akachapisha hadithi fupi kuhusu mwanamke anayerukwa na akili katika chumba alichofungiwa apumzike. Gilman hakuwa na tatizo la ulaji. Ila tiba iliyomvunja moyo ndiyo iliyoingia katika wodi za wagonjwa wa anoreksia, ikakaa humo mpaka wajukuu wa wagonjwa wale walipokuwa watu wazima.

Pierre Janet, Mfaransa mwenye jicho kali kuliko wengi, aliandika mwaka 1903 juu ya mgonjwa aliyemwita Nadia, na akasisitiza kwamba haja ya kujisogeza ni sehemu ya ugonjwa wenyewe, inayoambatana na furaha ya ajabu ya kujiona mwepesi. Angesikilizwa, pengine historia ingechukua njia nyingine. Badala yake mwaka 1914 Morris Simmonds wa Hamburg alieleza ugonjwa wa tezi ndogo chini ya ubongo unaomdhoofisha mtu kabisa, na kwa miongo miwili hivi madaktari wengi wakaamini kwamba wasichana waliokonda wana kasoro ya tezi. Walichomwa sindano za homoni zisizowasaidia. Na kilichowatoa madaktari kwenye kosa hilo, pamoja na vipimo, ni ile miguu: mwenye tezi iliyokufa analala kwa uchovu, mwenye anoreksia anataka kutoka akatembee.

Kuna kitendawili hapa, na Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota alikifanya kiwe kigumu zaidi. Kuanzia Februari 1945 aliwaweka wanaume 36, waliokataa kupigana vita kwa sababu ya dhamiri, kwenye chakula cha nusu kwa wiki 24, ili ajue namna ya kuwalisha watu wa Ulaya waliokuwa na njaa. Watu wale walipoteza karibu robo ya uzito wao. Wakawa wazito wa mwendo, wakaburuta miguu, wakaketi kila walipopata nafasi. Hiyo ndiyo njaa kama tunavyoijua. Kwa nini basi njaa ya mgonjwa wa anoreksia imsimamishe badala ya kumlaza?

Jibu la kwanza lilitoka kwa panya. Mwaka 1922 Curt Richter wa Johns Hopkins alikuwa ameonyesha kwamba panya mwenye gurudumu la kukimbilia hukimbia zaidi saa ya chakula inapokaribia. Mwaka 1967 Aryeh Routtenberg na A. W. Kuznesof walichapisha jaribio ambalo bado linatisha ukilisoma. Panya alipewa chakula saa 1 tu kwa siku, na saa nyingine zote aliachiwa gurudumu. Panya wa kulinganisha, wenye saa ile ile ya chakula lakini wasio na gurudumu, walijifunza kula haraka na wakaishi. Wenye gurudumu walikimbia zaidi kila siku iliyopita, na katika saa yao ya chakula wakala kidogo kuliko wenzao. Wasipotolewa, walikufa. Chakula kilikuwepo mbele yao.

Panya hana kioo, hana jarida la mitindo, hana mama wa kumsema. Jaribio lile lilionyesha kwamba njaa na mwendo vikikutana vinaweza kusukumana, kimoja kikikizidisha kingine, bila fikra yoyote kuhusu umbo. W. Frank Epling na W. David Pierce wa Chuo Kikuu cha Alberta walilipeleka wazo hilo kwa binadamu miaka ya 1980, wakidai kwamba sehemu ya wagonjwa wa anoreksia wamenaswa katika mzunguko ule ule. Mwaka 2003 Shan Guisinger alipendekeza kwamba huenda tunaona mabaki ya silika ya kale ya kuhama eneo lenye njaa, mwili ukimfanya mtu asisikie njaa ili afike penye malisho. Ni dhana nzuri kusimulia. Kuithibitisha ni kazi nyingine.

Kwenye wodi, tukirudi miaka ya 1960, hakuna aliyekuwa akisubiri panya. Mwaka 1960 Peter Dally na William Sargant wa London walitangaza tiba ya klopromazini, dawa ya kutuliza akili, kwa dozi kubwa pamoja na insulini na kulazwa kitandani. Uzito ulipanda haraka. Mgonjwa aliyelemewa na dawa hawezi kukimbia, kwa hiyo wodi ikatulia, na utulivu wa wodi ukadhaniwa kuwa nafuu ya mgonjwa. Zikafuata programu za zawadi na adhabu. Mgonjwa alianza bila kitu: hana ruhusa ya kuoga peke yake, hana wageni, hana simu, choo kimefungwa. Kila nusu kilo ilimnunulia haki moja. Waliopitia humo husimulia jinsi walivyokaza misuli ya tumbo chini ya blanketi na kuinua miguu taa zikizimwa. Kitanda hakikuondoa mazoezi. Kiliyafanya siri.

Kundi moja la Marekani liligundua mlango mwingine karibu bila kukusudia. Mwaka 1970 Barton Blinder, Daniel Freeman na Albert Stunkard waliwafunga wagonjwa wao kifaa cha kuhesabu hatua, wakaona wanatembea kuliko wanawake wenye afya ingawa wapo hospitalini. Wakawaza: kama mwendo ndio wanachokitaka kuliko vyote, basi uwe ndio malipo. Siku ambayo uzito umepanda kidogo tu tangu jana, mgonjwa aliruhusiwa kutoka nje ya hospitali kwa saa 6. Uzito ukapanda. Mbinu hiyo ina kasoro kubwa, kwani inamlipa mgonjwa kwa kile kinachomuua. Hata hivyo walikiri hadharani kwamba mwendo ndio kitovu.

Pigo kwa wodi za kufuli lilitoka Sydney. Mwaka 1984 Stephen Touyz, Peter Beumont na wenzao walilinganisha programu ngumu na programu laini, ambayo ilimwachia mgonjwa uhuru wa kutembea wodini mradi anaongezeka kiasi kilichokubaliwa kwa wiki. Uzito uliongezeka sawasawa, na ile laini ikawapunguzia wauguzi kazi na wagonjwa fedheha. Naiona makala ile fupi kuwa mojawapo ya kurasa za maana zaidi katika historia hii. Ukatili wa miaka mia moja ulikuwa haujanunua hata gramu moja ya ziada.

Nje ya hospitali, Marekani ilikuwa imeanza kukimbia. Frank Shorter alishinda marathoni ya Munich mwaka 1972, kitabu cha Jim Fixx kuhusu kukimbia kikauzwa kama njugu mwaka 1977, na daktari wa akili William Glasser akasifu kukimbia kuwa uraibu mwema. Lakini mwaka 1970 Frederick Baekeland wa New York alikuwa amekwisha kuona dalili mbaya. Alitaka kuchunguza usingizi wa watu walioacha mazoezi kwa mwezi. Waliozoea kukimbia kila siku walikataa kuacha hata kwa pesa, naye akalazimika kutumia wanaokimbia siku chache kwa wiki.

Tarehe 3 Februari 1983, jarida la tiba la New England lilichapisha makala ya Alayne Yates na wenzake wa Arizona, waliowahoji wanaume wakimbiaji zaidi ya 60 na kudai kwamba wale wasioweza kuacha wanafanana na wagonjwa wa anoreksia kwa tabia, malezi na namna ya kukana maumivu. Siku iliyofuata, tarehe 4, mwimbaji Karen Carpenter alifariki California akiwa na miaka 32, moyo wake umechoshwa na ugonjwa huo huo. Ghafla gazeti la kawaida likawa linaandika neno ambalo jana lilikuwa la wataalamu. Wakimbiaji walimkasirikia Yates, na walikuwa na haki kiasi fulani: mwaka 1984 James Blumenthal wa Chuo Kikuu cha Duke aliwapima wakimbiaji na wagonjwa kwa vipimo vya kisaikolojia, akakuta wakimbiaji wengi wako sawa kiakili. Kukimbia sana si ugonjwa. Ila Yates alikuwa ameuliza swali lililokosekana, nalo ni kwamba mtu huyu akizuiwa kukimbia, kunatokea nini ndani yake?

Mwanasaikolojia Caroline Davis wa Toronto alilifuatilia swali hilo kuliko wote. Katika utafiti wake wa mwaka 1994 kwa wagonjwa waliolazwa, asilimia 78 walikuwa wakifanya mazoezi kupita kiasi. Asilimia 60 walisema mazoezi yalianza kabla ya kujinyima chakula. Asilimia 75 walisema walizidisha mwendo kipindi kile kile walichokula kidogo zaidi. Panya wa Routtenberg walikuwa wamepata sauti. Huko Los Angeles, Michael Strober na wenzake waliwafuatilia vijana 95 kwa miaka 10 hadi 15, wakaripoti mwaka 1997 kwamba aliyetoka hospitalini na ule msukumo wa mazoezi alikuwa na hatari kubwa zaidi ya kuugua kwa muda mrefu. Kwa hiyo kumnenepesha mgonjwa na kumrudisha nyumbani bila kuigusa miguu kulikuwa kazi nusu.

Tatizo lilibaki kuamua ni nani anayehitaji tiba hiyo. Mwongozo wa utambuzi wa magonjwa ya akili wa Marekani wa mwaka 1994 ulisema mazoezi yamezidi yanapovuruga mambo muhimu ya maisha, yanapofanywa wakati au mahali pasipofaa, au yanapoendelea licha ya jeraha. Saa hazikutajwa, na hilo lilikuwa la busara. Mwaka 2011 Lorin Taranis, Touyz na Caroline Meyer wa Chuo Kikuu cha Loughborough walitoa dodoso la maswali 24. Wanauliza juu ya kanuni zisizovunjika, hatia, hofu ya kunenepa, kutuliza hisia, na kama mtu anayafurahia mazoezi au la. Dakika 30 zinazofanywa kwa woga huonekana humo kuliko saa 3 za anayefurahia.

Tiba za sasa zinaanzia jikoni na maabarani, si uwanjani. Mgonjwa hupimwa moyo kwa mashine, hupimwa potasiamu, shinikizo la damu akilala na akisimama, na uimara wa mifupa, kwa sababu moyo uliodhoofika unaweza kusimama katikati ya mbio bila onyo. Chakula kinatangulia, na chenyewe ni dawa ya miguu. Mwaka 2000 Cornelia Exner, Johannes Hebebrand na wenzao nchini Ujerumani waliwapa panya wenye njaa homoni ya leptini, ambayo hutolewa na mafuta ya mwili na kupungua mtu anapokonda. Panya wakaacha kukimbia ovyo. Mwaka 2020 Gabriella Milos wa Zürich, Hebebrand na wenzao waliripoti wagonjwa watatu waliopewa homoni hiyo ya kutengenezwa, na msukumo wa mwendo na huzuni vikapungua ndani ya siku chache. Wagonjwa watatu ni wachache mno kujengea tiba, lakini inatosha kumwambia mzazi kwamba binti yake hana kiburi tu. Mwili wenye njaa unamsukuma. Utafiti mkubwa wa vinasaba wa mwaka 2019, uliohusisha wagonjwa karibu 17,000, nao ulikuta uhusiano kati ya urithi wa anoreksia na urithi wa kupenda kujishughulisha.

Joto pia limerudi. Gull aliwawekea wagonjwa wake mpira wa maji moto mgongoni. Zaidi ya karne moja baadaye Emilio Gutiérrez wa Santiago de Compostela alipandisha joto la chumba cha panya hadi nyuzi 32, na panya waliokuwa wakikimbia kuelekea kifo wakapunguza mbio wakala. Kwa binadamu mambo hayakuwa mepesi: jaribio dogo la koti la joto nchini Canada halikuongeza kasi ya kupata uzito.

Beumont wa Sydney ndiye aliyethubutu, mwaka 1994, kuweka kwenye maandishi programu ya mazoezi ndani ya tiba ya anoreksia. Mgonjwa aliyekwisha kuimarika alinyooshwa viungo, akacheza na wenzake, akafundishwa na mtaalamu jinsi mwili unavyojengwa, badala ya kukatazwa na kukimbia chooni. Wanorwe walienda mbali zaidi kwa wagonjwa wa bulimia, wale wanaokula kwa pupa kisha wakajitapisha: Jorunn Sundgot-Borgen alionyesha mwaka 2002 kwamba mazoezi yaliyosimamiwa yalipunguza hamu ya kukonda kuliko tiba ya fikra na tabia. Brian Cook na wenzake wakakusanya mwaka 2016 miongozo ya kazi hiyo, na baadaye wataalamu wa Australia wakatoa mwongozo wenye ngazi 4, kila ngazi ikifunguliwa na vipimo vya mwili na hali ya akili kwa pamoja.

Kwa upande wa mazungumzo, Riccardo Dalle Grave wa hospitali ya Villa Garda, Italia, aliyechapisha mwaka 2008 uchunguzi wa wagonjwa 165 waliolazwa, amefanya mazoezi kuwa mada ya vikao kama chakula kilivyo. Mgonjwa huandika lini anasukumwa, baada ya hisia gani, na hujaribu kukosa siku moja ili aone kama janga analolihofia linatokea. Loughborough walitengeneza vikao 8 vya namna hiyo, vikajaribiwa Australia na Uingereza kwa watu wazima 78, na matokeo ya mwaka 2018 yakawa ya kunyenyekeza: makundi yote mawili, lenye vikao hivyo juu ya tiba ya kawaida na lisilo navyo, yalipata nafuu, na vikao vya ziada havikuleta tofauti ya wazi. Sioni aibu hapo. Tiba nzima inapokwenda vizuri, mazoezi nayo hupungua.

Na ile jamaa iliyofukuzwa na Charcot? Mwaka 1987 Gerald Russell, Ivan Eisler na wenzao wa hospitali ya Maudsley, London, walionyesha kwamba kijana ambaye hajaugua muda mrefu hupona vizuri zaidi wazazi wakiingizwa kwenye tiba. Leo wazazi hufundishwa kusimamia sahani na pia kulala mlango wazi, kufuatana na mtoto kwenye matembezi, kuzungumza na mwalimu wa michezo. Kwetu, ambako mgonjwa hawezi kutibiwa bila shangazi wawili kuwepo, hilo halihitaji kufundishwa sana.

Je, linatuhusu? Daktari wa akili Frank Njenga alishaandika mwaka 2004 juu ya anoreksia nchini Kenya, na miaka 3 baadaye watafiti waliowahoji wasichana na wanawake 214 wa Dar es Salaam walikuta dalili za matatizo ya ulaji, zikiambatana na kuangalia sana vyombo vya habari vya Magharibi. Mwaka huo huo Njenga na Waingereza akina Angela Hulley walilinganisha wakimbiaji wanawake wa Kenya na wa Uingereza, na Wakenya wakaonekana kuwa na tatizo hilo kidogo zaidi. Sijui wangepata nini leo, baada ya simu zenye kuhesabu hatua na picha za kabla na baada kuingia kila mkononi.

Michezo yenyewe imeshalipa gharama. Christy Henrich, mcheza jimnastiki wa Marekani, alikufa Julai 1994 akiwa na miaka 22 baada ya viungo vyake kushindwa kazi. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko mwaka 2014 kuhusu wanariadha, wake kwa waume, wanaofanya kazi kubwa kuliko wanachokula, wanaopoteza hedhi, mifupa na kinga.

Kocha wa Iten, mwalimu wa jimu wa Sinza, kiongozi wa klabu ya jogingi: mwanafunzi wako anayekonda huku akizidisha mwendo, anayekimbia juu ya jeraha, anayefadhaika mvua ikifuta zoezi, usimtaje mbele ya wenzake kuwa mfano wa nidhamu. Mpeleke hospitali akapimwe moyo na damu, kisha mwonane na daktari wa akili. Asirudi kukimbia mpaka waliompima waseme ndiyo.